Salama, ila…

Mama Mkubwa anajibu barua za wasomaji

Mwezi huu barua za mawifi na wakwe ni nyingi kama kawaida, nazo zitasubiri, mawifi hawaishi. Hii ya Lagos haiwezi kusubiri. Imeandikwa kwa simu saa nane za usiku, na mwandishi wake hakuweka nukta hata moja, nukta nimeziweka mimi. Wasomaji wa zamani mnajua kwamba nilikaa Mushin, Lagos, kuanzia 1991 mpaka 2002, nikiwa mke wa Myoruba, Mungu amrehemu. Kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

BARUA

Shikamoo Mama Mkubwa.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa na Mnaijeria huu mwaka wa tisa. Tunaishi Ikorodu, vyumba viwili kwenye nyumba ambayo wenyewe wanaiita face-me-I-face-you. Wewe utakuwa unaijua: korido katikati, vyumba huku na huku, jiko moja, choo kimoja, familia nane. Tuna watoto wawili. Mume wangu ni karani kwenye kampuni moja kule kisiwani, mimi nakaanga puff-puff mlangoni, zile kama kalimati zisizo na shira.

Tulikuwa tunaishi, sitasema uongo. Kabla ya Mei 2023 lita ya petroli ilikuwa haijafika naira 200. Rais mpya akaapishwa tarehe 29, akasema ruzuku imekwisha, na haikupita wiki tukawa tunanunua kwa karibu 500. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, ikagonga 1,000. Nauli ya mume wangu inakula nusu ya mshahara. Jenereta yetu ndogo, ile wanayoiita I better pass my neighbour, siku hizi ni stuli ya watoto. Puff-puff nilikuwa natoa nne kwa naira 100, sasa natoa moja, na yenyewe imekonda.

Lakini shida naijua, nimekua nayo. Nilioshindwa ni watu. Kila nikifungua mdomo naambiwa nifunge. Nikisema umeme umekatika siku ya nne, najibiwa "It is well," yaani ni salama. Mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, "E go better," itakuwa nzuri. Dada mmoja wa kanisani alinifunika mdomo kabisa, kwa kiganja chake, akasema usikiri umaskini kwa kinywa chako, unaufungulia mlango. Na mama aliyekuwa analia machozi kweli kweli mbele yangu kwenye maombi ya Ijumaa, Jumatatu ananipimia unga kwa kopo lililogongwa kitako mpaka kimeingia ndani, ili unga ujae haraka.

Mwaka jana transfoma ya mtaa iliungua. Shirika la umeme likatuambia tukitaka upesi tuchange wenyewe. Tukachanga, nyumba kwa nyumba, miezi mitano gizani. Siku ilipofungwa, mchungaji aliiwekea mikono upande mmoja, alfa, yaani shehe wao, akaisomea dua upande wa pili, watu wakacheza barabarani. Hakuna aliyeuliza kwa nini sisi tumelinunulia shirika mali yake. Nilipouliza mimi, mume wangu aliniminya mkono.

Anayenielewa ni mmoja tu, Alhaja wa chumba cha nne. Ndiye aliyeshika daftari la michango ya transfoma. Na Februari 2023, wakati serikali ilipobadilisha noti na pesa zikapotea mitaani, mwanangu alikuwa na homa, nina pesa benki, mkononi sina kitu. Wakala wa POS, wa ile mashine ya kadi ya benki, alitaka naira 3,000 ili anipe 10,000. Alhaja akafungua ncha ya kitambaa chake, akatoa noti za zamani alizokuwa amezificha, akaniambia kimbia kwa mwenye duka la dawa, anazipokea bado.

Sasa lililonifanya niandike. Kwenye boksi tulikuwa na naira 380,000 za kodi ya mwaka, na mwenye nyumba ameshasema mwaka huu anataka 600,000. Januari, kwenye mfungo, mchungaji akasema anawaona watu saba ambao mwaka hautaisha kabla hawajaingia kwenye nyumba zao wenyewe, kila mmoja apande mbegu ya 200,000. Mume wangu alikuwa wa nne kusimama. Mimi nilijua siku nilipofungua boksi. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa, "God dey," Mungu yupo.

Nililia, Mama Mkubwa, na sikulilia pesa. Usiku ule nilipiga magoti nikakuta sina neno. Mimi niliyeimba kwaya ya Kilutheri tangu shule ya Jumapili! Je, imani yangu imekufa? Na huyu mume nimfanye nini? Si mlevi, hana wanawake, hajawahi kunipiga. Nikimshtaki nitasema amefanya nini?

Ni mimi Iyawo, Ikorodu. (Mpaka leo nyumba nzima wananiita bibi harusi.)

JIBU

Marahaba mwanangu, Iyawo. Mimi waliniita hivyo mpaka nywele zikaota mvi, na aliyeanza kuniita alikuwa mtoto wa miaka minne.

Tuanze na hilo "It is well" wanalokufungia mdomo. Wewe ni wa kwaya, fungua Wafalme wa Pili, sura ya 4. Yule mwanamke Mshunami mtoto wake amemfia mapajani saa sita mchana. Akamlaza, akafunga mlango, akataka punda. Mumewe anauliza, unakwenda wapi leo, si mwandamo wa mwezi wala sabato? Anajibiwa ni salama. Njiani mtumishi wa nabii anakuja mbio kumpokea: wewe hujambo, mumeo hajambo, mtoto hajambo? Hatujambo, anasema, na punda hapunguzi mwendo. Alipomfikia Elisha mwenyewe ndipo alipomshika miguu. Mtumishi akataka kumsukuma, nabii akamwambia mwache. Mama akalitoa lililokuwa moyoni: mimi nilikuomba mtoto? Sikukuambia usinidanganye? Na alipopewa mtumishi atangulie na fimbo ya nabii, hakukubali, alimng'ang'ania mwenyewe mpaka akaondoka naye.

Huyo ndiye mwenye neno lao. Lagos wamechukua jibu alilompa mtumishi barabarani, punda wamemwacha.

Na sisi kwetu si ni hivyo hivyo? Mtu anatoka msibani, ukimuuliza habari anasema nzuri. "Salama?" "Salama, ila mzee ametutoka alfajiri." Mgeni akitusikia anatuona waongo. Ile salama ni kubisha hodi tu, mazungumzo yako kwenye ila. Dada yule aliyekufunika mdomo alikukatia ila. Mtu aliyekatiwa ila miaka tisa, akipiga magoti usiku atakuwa na neno gani? Imani yako haijafa, mwanangu. Imenyimwa nusu ya sentensi.

Ila (unaona, na mimi ninayo) usiwaone majirani zako wajinga. Mimi niliwaona hivyo miaka kumi ya kwanza, nikajiona mjanja kwa sababu nimetoka Tanga, nimelelewa kwenye misheni ya Magila, tunasali kwa utaratibu na kengele.

Kilichonibadilisha ni siku moja. Jumapili, 27 Januari 2002, jioni, ghala la silaha kwenye kambi ya jeshi ya Ikeja lililipuka. Vioo vyetu Mushin vilimwagika kitandani. Hatukujua ni nini. Wengine wakasema mapinduzi, wengine wakasema mwisho wa dunia, na redio ilikuwa inapiga muziki. Watu walikimbia bila kujua wanakimbia nini, na gizani wengi wakatumbukia kwenye mfereji wa Oke-Afa. Waliokufa walipita 1,000. Usiku ule wote, sauti pekee iliyotuambia kitu cha maana mtaani kwetu ilikuwa ya kipaza sauti cha kanisa dogo la mabati kwenye kona: msielekee upande wa mfereji, leteni watoto huku, kuna maji. Hakuna polisi aliyepita wala diwani. Mchungaji yule, ambaye mimi nilikuwa namcheka kwa Kiingereza chake, ndiye aliyekuwa serikali yetu mpaka kukapambazuka.

Nikaanza kuangalia upya. Lagos kila nyumba ni serikali ndogo: inachimba kisima chake, inajizalishia umeme wake, inamlipa mlinzi wake, inamwaga kifusi kwenye shimo la barabara iliyo mbele yake. Ukitoka nje ya mji kwa barabara ya Ibadan unafika kwenye ile kambi kubwa ya ibada ya kanisa la Redeemed, watu wanajaa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, usiku kucha. Kambi ina umeme wake, maji yake, barabara zake. Pale Ota kuna hekalu la viti 50,000, lilifunguliwa 1999 nikiwa huko huko. Mtu anatoka kwenye chumba chenye giza Mushin, anaketi usiku kucha mahali ambapo taa hazikatiki. Mbele yake anasimama mtu anayemwambia haya yote yanawezekana, amini. Mimi nisingeamini?

Na wanaokuambia nyamaza, wamewaona walionena. Oktoba 2020 vijana walitoka kupinga kikosi cha polisi kilichokuwa kikiwatesa. Tarehe 20 usiku, pale kwenye geti la ushuru Lekki, walikuwa wamekaa chini na bendera, wanaimba wimbo wa taifa, askari wakafyatua risasi. Agosti 2024 wakatoka tena, safari hii kwa njaa. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimetoka tu kupandishwa kutoka naira 30,000 hadi 70,000, na gunia la mchele la kilo 50 lilikuwa ghali kuliko mshahara huo mpya. Wakapigwa risasi tena. Mume wako alipokuminya mkono kwenye transfoma, huenda hakuwa anatetea shirika. Huenda alikuwa anakuhesabia watoto wawili.

Sasa tuje kwake, na hapa nitakwambia jambo ambalo sijaliandika kwenye safu hii miaka yote.

Mwaka 1996 mume wangu alitoa cherehani yangu. Petroli ilikuwa ya foleni, alikuwa dereva, analala kwenye foleni siku mbili kwa mafuta ya siku moja, na mtu akirudi nyumbani hivyo mara kumi anaanza kujiona si mwanamume. Kanisa lake lilikuwa la hawa wa majoho meupe, wanaosali bila viatu. Nabii akaona katika maono kitu cha chuma ndani ya nyumba yetu kinachozuia riziki. Cha chuma kilikuwa kimoja. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta meza, na alama ya miguu minne ya cherehani kwenye vumbi.

Nilipiga kelele, watu wakajaa koridoni, nikaitaja Tanga na mashehe wake wote na mimi ni Mwanglikana. Haikusaidia. Baada ya miezi miwili nikapita nyuma ya kanisa nikasikia mlio. Cherehani ukiishi nayo unaijua sauti, yangu ilikuwa inakohoa kila ikifika kwenye pindo. Nikachungulia: binti mmoja anashonea majoho ya kwaya.

Sikuingia kwa nabii. Nilikwenda kwa mama wa kanisa, wao wanamwita Iya Ijo, kikongwe, anauza pilipili. Nikapiga magoti kama mke wa Kiyoruba anavyotakiwa, magoti yote mawili, mpaka akasema inuka. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema ni salama, mama, ila cherehani yangu inashona majoho na mimi nafua nguo za watu. Basi. Sikulitaja jina la nabii. Akatafuna njugu yake ya kola, akanyamaza kitambo kirefu, halafu akauliza joho moja fundi wa nje anatoza kiasi gani.

Cherehani sikurudishiwa. Nilipewa kazi ya kushona majoho, kwa malipo, juu ya cherehani yangu mwenyewe, miaka mitatu. Najua inachekesha. Watoto walisoma.

Kwa hiyo swali lako: nikimshtaki nitasema amefanya nini? Utasema amechukua pesa ya kodi bila kuniambia. Sentensi ni hiyo, na angalia, haina mchungaji ndani yake. Ukimtia mchungaji tu, watakuletea "msiwaguse masihi wangu," na kesi itakuwa ya kwako. Mpelekee egbon wake, kaka au dada yake mkubwa, yule anayemwogopa. Kila Myoruba ana mmoja. Nenda asubuhi, nenda na kitu mkononi, hata hizo puff-puff zilizokonda. Usiende kumdhalilisha. Mume wako hakutoa kwa uhuni, alisimama wa nne kwa sababu kwa muda mrefu hakuna kitu kingine alichoombwa afanye ambacho alikiweza. Lakini na yeye aambiwe mbele ya mkubwa wake kwamba boksi lina funguo mbili.

Ile 200,000 hairudi. Nakwambia mapema usije ukaipangia.

Zimebaki 180,000 na mwenye nyumba anataka 600,000. Hapo usifanye maombi kwanza, fanya safari. Jimbo la Lagos lina sheria ya upangaji ya mwaka 2011. Mpangaji wa mwaka, kama mkataba wenu haukusema vingine, anastahili notisi ya miezi sita, na hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kutupa godoro lako nje bila mahakama. Wengi hawaijui, wakisikia mlango unagongwa kwa nguvu wanahama usiku. Kisha kuna ofisi inaitwa Citizens' Mediation Centre, iko chini ya wizara ya sheria ya jimbo, ipo tangu 1999, na huduma yao ni bure. Wanamwita mwenye nyumba, mnakaa meza moja. Nenda na risiti zako zote za kodi, hata zile zilizoandikwa nyuma ya karatasi ya daftari. Ombeni mgawo wa malipo, na hilo ongezeko lijadiliwe. Mumeo akisema ni salama, mwambie ndiyo, vaa viatu.

Pesa ya puff-puff ni ya kila siku, na pesa ya kila siku ndiyo inayoliwa kila siku. Tafuta alajo, yule anayepita asubuhi na kadi, unampa kiasi kile kile siku zote, mwisho wa mwezi anakurudishia na kubaki na mchango wa siku moja kama ujira wake. Wasomaji wa Dar mjue ni kama kijumbe wa upatu, isipokuwa hapa hakuna zamu, kila mtu anachukua chake. Alajo wengine hutoroka, hilo nalo ulijue. Ndiyo maana mimi ningeanzia chumba cha nne.

Umeniandikia mistari mitatu kuhusu Alhaja, na kwangu ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko barua nzima. Mtaa mzima umechanga miezi mitano, naira kwa naira, Wakristo na Waislamu, daftari moja, na transfoma imefika. Wewe umekasirika kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini mmenunua mali ya shirika, na hasira hiyo ni halali. Lakini umepita juu ya ajabu nyingine: hakuna aliyeiba. Katika nchi ambayo kopo la unga linagongwa kitako! Mwombe akufungulie ukurasa, kodi ya Iyawo, mumeo aone unaandikwa kila jioni mbele yake. Mwanamume anayeona tarakimu zinapanda hasimami wa nne kirahisi. Na ukiwa pale mwambie Alhaja akuulizie wenzake wa daftari kama barua ya kulidai shirika iliwahi kuandikwa. Kama haikuandikwa, wewe unajua kuandika, nimeona.

Yule mama wa unga namjua, au namjua pacha wake. Analia kweli na anakuibia kweli, yote mawili anayafanya kwa moyo mmoja, na watoto wake nao wanakula. Nenda na kopo lako mwenyewe. Mimi nilikuwa naligonga kitako kwa ndani kuelekea nje, mbele ya macho yake, tukicheka wote.

Imebaki sala. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini," na ya 88 haina hata mstari wa mwisho wa kujifariji, inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia, haikufunikwa mdomo. Ukipiga magoti ukakosa neno, soma hiyo. Isome kwa sauti, kwa Kiswahili, hapo hapo koridoni ukitaka. Hakuna atakayekuambia usikiri umaskini, maana hakuna atakayeelewa. Ndiyo faida ya kuolewa mbali.

BARUA FUPI

Mama Mkubwa, mimi ni msomaji wa Mombasa. Toleo lililopita uliwasifu Wanaijeria kwa ukarimu. Mbona nchi yenye kanisa na msikiti kila kona ina wizi kila kona? Hawaoni aibu? Na ni kweli wanasali hadi ndani ya basi? — Mwenye Kushangaa.

JIBU

Mwanangu, unashangaa ukiwa umesimama wapi? Shakahola iko Kilifi, hapo jirani yako. Walifukuliwa watu zaidi ya 400 mwaka 2023, walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Na sisi Tanzania hatuna la kukucheka: Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye uwanja ili wapite juu ya mafuta ya upako. Desemba 2024 Nijeria nao walikanyagana. Ibadan watoto 35, siku tatu baadaye Abuja watu 10 nje ya kanisa, na siku hiyo hiyo Okija zaidi ya 20. Abuja na Okija walifuata mchele wa bure. Ibadan watoto waliitwa kwenye sherehe ya sikukuu na kuahidiwa zawadi. Ukizipanga habari hizi tatu pembeni ya ile ya Moshi, sijui ni wapi utaiweka aibu yako.

Kuhusu wizi: mwizi na mwenye kuswali wanaweza kuwa mtu mmoja, Mombasa pia. Ukiona mahali watu wanasali sana usikimbilie kusema ni wanafiki. Uliza kwanza ofisi ya malalamiko iko wapi na inafunguliwa saa ngapi.

Na ndiyo, wanasali ndani ya basi. Siku zangu ilikuwa molue, yale mabasi makubwa ya njano, arobaini na wanne wamekaa na wengine wengi wananing'inia. Basi likiondoka Oshodi anasimama mtu mwenye tai na Biblia, anawaombea dereva, breki, na wachawi wa kijijini kwenu, basi zima linaitikia amina, konda anaitikia huku akidai chenji. Sala ikiisha, mtu yule yule anafungua begi, anatoa dawa ya minyoo, ya macho, ya mgongo, ya nguvu za kiume, zote kutoka chupa zinazofanana. Niliwahi kununua ile ya mgongo, mara moja, kwa hasira tu, tulikuwa kwenye foleni ya magari kwa muda wa saa tatu. Ilinisaidia.